Nilivyomfikisha Mzee kwenye kaburi la Pinto

Baba yangu alifundisha historia hadi akastaafu, na jina la Pio Gama Pinto, mpigania uhuru wa Kenya mwenye asili ya Kihindi, halikumtoka kinywani. Alipokuja Nairobi kutibiwa macho, alisema hana haja ya maghorofa. Nimpeleke bustani ya City Park, alikozikwa Pinto. Mimi nimekaa Ngara miaka minane na sikujua kama mle kuna kaburi.

Tulitoka Jumapili asubuhi, jua likiwa bado na huruma. Matatu ikatushusha Aga Khan, tukavuka Limuru Road polepole, Mzee na mkongojo wake.

Kosa langu lilikuwa ndizi. Nilizibeba mkononi kwenye mfuko wa kaki, nikidhani tutazila kivulini. Kima wa City Park (wanairobi wengi huwaita nyani, wasijali) hawaombi. Mmoja alishuka mtini, akakanyaga bega langu kama ngazi, akaondoka na mfuko mzima. Baba alicheka mpaka akaegemea mti. Ukienda, chakula kifungie ndani ya begi, na usilifungue mbele yao.

Kaburi sasa. Kibao sikukiona. Kijana wa njugu alituelekeza kwenye uwanja wa picha za harusi. Tulizunguka karibu saa nzima, nikaanza kuihofia miguu ya Mzee. Ndipo mama mmoja aliyekuwa akifagia majani akatuuliza, "Mnataka la Muhindi au la Murumbi?"

"La Muhindi, mama."

"Basi anzeni kwa Murumbi, hamtapotea. Tafuteni yale mawe ya kuchongwa."

Na kweli, sanamu zile huzikosi. Joseph Murumbi alikuwa makamu wa pili wa rais wa Kenya, mpenzi mkubwa wa sanaa za Afrika. Alifariki 1990, na alikuwa ametaka azikwe karibu na rafiki yake Pinto. Kutoka hapo tukaingia makaburi ya zamani, nikawa nasoma majina kwa sauti, maana macho ya Baba hayakuweza, hadi akaniambia, "Hapo. Rudia."

Nikarudia. Alivua kofia.

"Alizaliwa hapa hapa Nairobi," akasema. "Waingereza walimweka kizuizini kisiwani Manda, akatoka hai. Sisi tulipata uhuru Desemba 1963. Tarehe 24 Februari 1965 akapigwa risasi nje ya nyumba yake, binti yake mdogo akiwa ndani ya gari. Miaka 37."

Nilisikia hadithi hiyo mara nyingi nikiwa mtoto, na mara nyingi nililala katikati. Safari hii niliuliza maswali, naye akajibu yote akiwa amesimama, hakutaka kukaa. Kisha akatoa leso, akafuta vumbi kwenye jiwe, akavaa kofia yake.

"Haya, twende. Ndizi zangu utazilipa."