Mhakiki wa Pili na gunia la Kongwa

Barua pepe iliingia Jumanne usiku, mwishoni mwa Mei, nikiwa nasahihisha mitihani ya mwaka wa pili. Nilikuwa nimebakiza vitabu kama arobaini, chai imeshapoa, na upepo wetu wa Dodoma unagonga bati kama mtu aliyekuja kudai. Kichwa cha barua: uamuzi kuhusu makala yako. Aliyewahi kupeleka makala kwenye jarida anajua kidole kinavyokuwa kizito hapo.

Marekebisho makubwa.

Wahakiki, yaani wataalamu wanaoikagua makala kabla haijachapwa, walikuwa wawili. Wa kwanza aliandika aya moja tu: kazi nzuri, jedwali la tatu halisomeki, lirekebishwe. Mtu wa Mungu huyo, popote alipo. Wa pili aliandika hoja kumi na tisa.

Nieleze kidogo makala yenyewe. Mimi nafundisha uchumi wa kilimo, na kwa misimu miwili nilizunguka vijiji vya Wilaya ya Kongwa nikiuliza kaya swali moja kwa njia nyingi: mahindi yanayoingia ghalani, yanayoliwa na wadudu kabla hujayala wewe ni kiasi gani? Dumuzi mnamfahamu. Ni mdudu wa Mexico na Amerika ya Kati aliyejitokeza kwetu upande wa Tabora kuelekea miaka ya 1980, na wapo wazee ambao mpaka leo wanamwita Scania, kama lori. Akiingia kwenye kihenge, baada ya miezi michache unachota unga wa vumbi badala ya punje. Matokeo yangu yalionyesha hasara kubwa kuliko nilivyotegemea, na nilijivunia. Hasara kubwa husomeka vizuri kwenye ikisiri, ule muhtasari wa mwanzo wa makala.

Jarida la kwanza lilinikatalia mlangoni. Siku nne tu, mhariri akasema haiwahusu wasomaji wake. La pili ndilo hili. Nilipeleka Oktoba, na kwa miezi mitatu mfumo wao ukaniandikia maneno yaleyale: wahakiki wanatafutwa. Nilidhani wamenisahau. Baadaye nikaja kuelewa kwamba mhariri naye huwa anaombaomba. Uhakiki haulipwi, anaandikia watu sita, wanne hawajibu, mmoja anakubali kisha anapotea. Ikabadilika kuwa "chini ya uhakiki" Januari, ikakaa hivyo hadi usiku ule wa mitihani.

Sasa hoja ya saba. Naitafsiri kama ilivyokuwa, kwa ufupi wake wa kuudhi: "Waandishi wanachukulia kwamba gunia moja ni kilo 100 na debe moja ni kilo 20. Je, wamepima?"

Nilifunga kompyuta. Nilimtukana kimoyomoyo kwa lugha mbili. Huyu, nikasema, hajawahi kuliona gunia, amekaa kwenye ofisi yenye kiyoyozi huko aliko, ananiuliza mimi niliyezaliwa nyumba ya wakulima. Kwa siku tatu sikuifungua ile barua. Ushauri wangu kwa wanaoanza ni huohuo: usijibu wahakiki siku hiyo wala kesho yake. Soma mara moja, funga, kasahihishe mitihani.

Siku hizo tatu ndizo ambazo vishawishi huja. Barua za majarida feki nazipata karibu kila wiki, "Ndugu Profesa Mheshimiwa", wanaahidi kuchapa ndani ya siku tano ukilipa. Na mwaka wa kupandishwa cheo unakaribia, mtu unaanza kupiga hesabu. Kilichonizuia ni kumbukumbu ya jaribio la mwandishi John Bohannon, lililotoka kwenye jarida la Science mwaka 2013: alitunga makala ya uongo yenye makosa ambayo mhakiki makini angeyaona, akaipeleka kwa majarida 304, na zaidi ya nusu yakaipokea. Yaani ningelipa dola ili nisiulizwe kuhusu gunia.

Alhamisi nilimkuta mzee wetu mmoja wa idara kantini, mbele yake wali na mlenda. Nikamwamkia, akaona uso wangu.

"Shikamoo Prof."

"Marahaba. Mhakiki wa pili?"

"Umejuaje?"

"Huwa ni wa pili."

Akanisimulia kisa cha Einstein, ambacho nadhani huwasimulia wote. Mwaka 1936 Einstein na msaidizi wake Nathan Rosen walipeleka makala kwenye Physical Review wakidai kwamba mawimbi ya mvutano hayapo. Mhariri, John Tate, akaipeleka kwa mhakiki, naye akarudisha maoni marefu ya kuonyesha kosa. Einstein akakasirika kwamba makala yake imeonyeshwa mtu mwingine kabla haijachapwa, akaiondoa, akaipeleka jarida jingine. Lakini ilipotoka mwaka 1937, hitimisho lilikuwa limegeuzwa. Kosa lilikuwepo kweli. Mhakiki alikuwa Howard Robertson, na ndiye huyohuyo aliyekaa na msaidizi mwingine wa Einstein na kumwelekeza lilipo, bila kujitaja kwamba ndiye aliyeandika yale maoni.

"Kwa hiyo Prof unasema nimekosea?"

"Mimi sijui gunia lako. Wewe unalijua?"

Jumamosi nikaazima mizani ya kuning'iniza kwa rafiki anayenunua alizeti, nikapanda basi la kwenda Kibaigwa, na kutoka hapo bodaboda hadi kwa mama mmoja aliyekuwa kwenye orodha ya kaya zangu. Mavuno ndiyo yalikuwa yanaanza kuingia. Nikabisha kwa "Mbukwa", Kigogo changu kinaishia karibu hapo, akacheka, akaniwekea kigoda. Nikamwambia nimekuja kupima gunia.

"Gunia lipi, mwalimu? La kuuza au la kuweka?"

Hapo nikajua nimekwisha.

La kuuza hujazwa mpaka mdomo haufungi, kisha huongezwa juu, hushonewa kamba kwa kuzungushwa na kuwekwa kilemba. Ndiyo lumbesa. Sheria ya vipimo inaikataza, mwisho ni kilo 100, na Wakala wa Vipimo hupiga kelele kila msimu, lakini mnunuzi aliyefika shambani na lori lake ndiye anayeshika sindano. La kuweka halina kilemba, mdomo wake hukunjwa tu. Vijana wawili wakaliinua lumbesa kwenye tawi la mwembe, mizani ikayumba, ikatulia: kilo 119. Mama akasema lina debe saba. Tukalipima la kuweka, debe sita, kilo 101 na kitu. Kisha tukapima debe lenyewe, lile la bati la mafuta, likiwa limejazwa hadi kufanya kichuguu kidogo juu. Kilo 17. Debe ni lita 20. Mimi nilikuwa nimeandika kilo 20 kama vile mahindi ni maji.

Nikakaa kwenye kile kigoda na kalamu. Watu wangu walinitajia mavuno kwa gunia na hasara kwa debe. Mtu akikwambia nilivuna gunia moja, nikapoteza debe moja, kwenye jedwali langu alikuwa amepoteza debe moja kati ya matano, asilimia 20. Kumbe kama gunia lake ni la kuweka, amepoteza moja kati ya sita. Kama ni lumbesa, moja kati ya saba, asilimia 14. Makala nzima, kaya zote, ramani, vishale vya rangi, vimesimama juu ya gunia ambalo sikuwahi kuliinua.

Na uchungu ni kwamba kila mwaka nafundisha ule mradi wa Waingereza wa karanga, ulioanza 1947 palepale Kongwa. Wanafunzi hucheka nikiwaeleza jinsi hesabu zilivyopangwa mezani, eneo likakaguliwa kwa wiki chache na kwa sehemu kubwa wakiwa kwenye ndege, udongo ukakauka ukawa kama saruji, mvua ikawa ndiyo ile yetu, na mwaka 1951 wakafunga virago. Nami huwa nacheka nao.

Nilizipigia simu kaya zote zenye namba, moja baada ya nyingine, kuuliza: lilikuwa la kuuza au la kuweka? Wiki mbili zikaisha. Nyingine tulizifuata kwa pikipiki na msaidizi wangu. Zile ambazo hatukuzipata tukazitoa, na tukasema kwenye makala kwamba tumezitoa. Hasara ikashuka. Bado ilikuwa hasara, lakini ya kawaida, ya kuaminika, isiyopendeza kwenye ikisiri.

Msije mkadhani nilimpigia magoti kila hoja. Hoja ya nne alinitaka nitaje makala tano, zote za mwandishi mmoja huyohuyo, na sihitaji kuwaambia ninadhani mwandishi huyo ni nani. Nilitaja moja iliyohusu, nyingine nikaandika kwa adabu kwamba tumezisoma na hazigusi uhifadhi wa nafaka. Hoja ya kumi na moja alitaka tuseme matokeo yanahusu Afrika yote kusini mwa Sahara. Nikajibu kwamba yanahusu Kongwa, na hata Bahi sina uhakika. Hoja ya kumi na sita alisema Kiingereza kipitiwe na "mzawa wa lugha". Sentensi aliyoitolea mfano ilikuwa yake mwenyewe, ya maoni yake, ameinakili vibaya. Hiyo nilijibu kwa neno moja: tumeipitia.

Barua ya majibu ilikuwa na kurasa nyingi kuliko makala. Jedwali la safu tatu: alichosema, tulichofanya, ukurasa na mstari. Hoja ya saba niliipa ukurasa mzima na picha ya lumbesa inaning'inia kwenye mwembe. Nilianza kwa kuandika "Tunamshukuru mhakiki", maneno ambayo huandikwa hata na mtu anayesaga meno, ila safari hii yalinitoka moyoni. Sitamjua ni nani. Jarida lilificha majina pande zote mbili.

Mzunguko wa pili ulichukua wiki saba. Mhakiki wa Pili aliandika mstari mmoja: hana hoja zaidi, na picha ibaki. Ada ya uchapishaji tulisamehewa, kwa kuwa Tanzania imo kwenye kundi la nchi zinazopewa msamaha huo na wachapishaji wa jarida hilo. Uombe mapema, kabla ya kukubaliwa, maana mimi nusura nichelewe.

Kisha ikaja nakala ya mwisho ya kusahihisha, saa 48, na umeme ukakatika jioni ileile nikaimalizia kwenye simu. Wapanga kurasa walikuwa na maswali mawili. La kwanza, nithibitishe jina la wilaya. La pili lilikuwa pembeni ya sehemu ya mbinu, kwa wino wa njano: "Lumbesa: kama ni kijiji, tafadhali kionyeshwe kwenye ramani."