Mpini wangu wa Keko

Mwaka wa tisa huu nadeki jengo moja la ofisi pale Posta, Dar es Salaam, na kwa muda mrefu nilichukulia kuumwa mgongo kama sare: ukiajiriwa unapewa.

Vilivyonishtua ni vidole. Ilianza usiku. Naamka saa nane, kidole gumba, cha shahada na cha kati vimekufa ganzi, nakung'uta mkono hadi damu irudi. Kidole cha mwisho wala hakikuwa na habari. Asubuhi ganzi imeshaisha, nasahau. Mpaka Jumapili moja nikiwa namsuka binti yangu twende kilioni, akajiangalia kwenye kioo akaniuliza, "Mama, leo umelewa?"

Hospitali nilipelekwa kwa mtu wa mazoezi ya viungo. Aliponisikia nafanya usafi akasema, "Haya mama, nionyeshe unavyokamua dekio." Nikasimama katikati ya chumba nikanyonga hewa. Akanishika kifundo cha mkono. Hapo ndani, akasema, kuna njia nyembamba, neva inapita humo pamoja na kano za vidole. Ukinyonga na kukaza siku nzima, kano zinavimba, neva inakosa nafasi. Ndiyo maana kidole cha mwisho kilisalimika: chenyewe kinahudumiwa na neva nyingine.

Niliporudi kazini nikahesabu. Korido na ngazi za ghorofa moja, nimekamua mara 38. Nina ghorofa tatu. Na dekio la nyuzi likilowa si kitambaa cha jikoni: unalinyonga, maji machafu yanateremka hadi kiwikoni, unalinyonga tena kwa sababu supavaiza hataki kuona sakafu imelowa. Ndoo yenye kikamulio tunayo, moja. Magurudumu yake mawili yalishakufa, tukaifanya ya kuwekea sabuni. Niliichimbua stoo siku hiyo hiyo. Haitembei, lakini inakamua. Naiburuta kwa mguu.

Halafu mpini. Mimi ni mrefu, na mipini tunayoletewa inanigota kifuani, kwa hiyo nilikuwa nadeki nimeinama kama mtu aliyedondosha sindano. Yule wa mazoezi alitaka mpini unifike kidevuni. Nikapita Keko, fundi akanichongea kwa shilingi 3,000 na kuupiga msasa vizuri kuliko ule wa kampuni. Supavaiza alipouona: "Mama, dekio lako halifanani na ya wenzako." Nikamwambia na mimi sifanani na wenzangu. Tukaishia hapo.

Sasa nadeki nimesimama wima, narudi kinyumenyume, nikitaka kugeuka nageuza nyayo, kiuno kinafuata. Nikimaliza korido moja nabadilisha mkono wa juu. Siku za kwanza mkono wa kushoto ulikuwa mjinga kabisa, nilipaka maji ukutani.

Ndoo ya lita 20 ikijaa ni kilo 20 na zaidi, na mimi nilikuwa naipandisha ngazi kwa mkono mmoja ili mwingine ubebe dekio. Siku hizi najaza nusu, naenda mara mbili. Mifuko ya taka vilevile: nafunga kabla haijatuna, naibeba karibu na mwili. Chooni nyuma ya sinki napiga goti juu ya kipande cha godoro la zamani. Wasichana wapya walikicheka kigodoro changu kama wiki mbili hivi, kisha kikaanza kupotea.

Kinachoniudhi ni hiki. Siku niliyokwenda hospitali nilikatwa posho ya siku. Nilipotaja Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi nikajibiwa kwamba huo ni wa waliodondoka ngazi. Si kweli. Sheria ya mwaka 2008 iliyouanzisha mfuko huo inataja pia magonjwa yanayotokana na kazi, na mchango wa mfuko analipa mwajiri, hakatwi mfanyakazi. Tunza karatasi za hospitali, na mwambie daktari kazi yako kwa kirefu, aiandike. Ukisema "nina maumivu ya mkono" tu, ataandika hivyo hivyo.

Ganzi imepungua, haijaisha. Mpini nimeuandika jina kwa kalamu ya wino mzito, maana juzi niliukuta umefichwa nyuma ya mlango wa choo cha ghorofa ya tatu. Kuna mrefu mwingine zamu ya jioni.