Shahada Mbili

Juzi usiku binti yangu aliniletea daftari la Uraia na Maadili. Swali: taja sababu zinazoweza kuacha jimbo bila mbunge. Alikuwa ameandika kifo na kujiuzulu, akakwama hapo. Nikamwongezea kuvuliwa uanachama na chama chake, mahakama kutengua ushindi, na ile ambayo hata wakubwa huisahau: kukosa mikutano mitatu ya Bunge mfululizo bila ruhusa ya Spika. Akaandika yote. Kisha, bila kuinua kichwa, akauliza, "Mama, na mpiga kura akifa je?"

Nikamwambia akalale. Usingizi ukanipaa mimi.

Ilikuwa Jumapili, tarehe 6 Aprili 2014, uchaguzi mdogo wa Chalinze. Masika yalikuwa yameanza na udongo wa huko mnaujua. Mbunge wa huko, Said Bwanamdogo, alikuwa amefariki Januari, Spika akaiarifu Tume ya Uchaguzi kwa maandishi kwamba kiti ki wazi, mambo yakaanza kukimbia: fomu, wadhamini, kampeni, semina. Laiti ingekuwa imebaki chini ya miezi kumi na miwili Bunge livunjwe, Katiba isingeruhusu uchaguzi mdogo, jimbo lingesubiri uchaguzi mkuu. Na angekuwa mbunge wa viti maalumu, lingechukuliwa tu jina linalofuata kwenye orodha ya chama chake. Lakini lilikuwa jimbo, na muda ulikuwepo, kwa hiyo walimu tukaitwa.

Nilikuwa bado nafundisha ile shule ya upande wa Miono. Tukala kiapo cha kutunza siri, tukapangiwa vituo. Mimi nikawa msimamizi msaidizi, yaani mtu wa daftari la wapiga kura. Watu hudhani kazi ngumu ya kituo ni kuhesabu kura usiku. Mimi naona ngumu ni daftari, kwa sababu ugomvi wote wa siku huanzia hapo.

Kabla ya saa moja asubuhi msimamizi aliliinua sanduku tupu, akaligeuza juu chini mbele ya mawakala wa vyama, akaligongagonga kitako. Akafunga mfuniko mweusi, akapachika lakiri, akasoma namba zake moja moja polepole mawakala waziandike. Usipozisoma asubuhi, jioni mtu atakwambia lakiri hizi siyo zile, na huna cha kumjibu. Uchaguzi mdogo wa ubunge una nafuu moja: sanduku ni moja. Kwenye uchaguzi mkuu yanakuwa matatu, na nusu ya sauti yako inaishia kuwaambia watu hii siyo ya rais, peleka kule.

Mtu akiingia, karani anamtazama vidole na shahada yake, yaani kadi ya kupigia kura. Mimi natafuta jina, nalisoma kwa sauti pamoja na namba, mawakala wanalitafuta kwenye nakala zao, nalipigia mstari kwa rula. Rula ni lazima. Mkono ukichoka, mstari hupanda ukakata jina la juu, na mwenye jina hilo akija mchana ataambiwa ameshapiga. Karatasi inagongwa muhuri nyuma, inakunjwa ili muhuri uonekane nje, anaingia kituturi, kile kibanda cha kupigia kura kwa siri, anatoka, anatumbukiza, anachovya kidole kwenye wino.

Saa tatu hivi foleni ilikuwa imekwisha. Akaja mama mmoja na kijana wake. Kijana alikuwa amemsomea orodha iliyobandikwa ukutani, nikawaona kupitia dirisha, kidole chake kinashuka, kinasimama, kinashuka tena. Mama akaingia peke yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu." Akafungua pindo la kanga, akatoa shahada mbili, akaziweka mezani kwangu sambamba, moja juu ya jina langu nililokuwa nimeandika kwenye kikaratasi. "Hii yangu. Hii ya babaake huyu. Nimeirudisha, mwenyewe alishatangulia, huu mwaka wa pili. Lakini kijana anasema bado mmemwandika hapo nje."

Nikatazama daftari. Kweli yumo. Daftari tulilokuwa nalo lilikuwa la 2010. Sheria inataka liboreshwe mara mbili kati ya uchaguzi mkuu na mwingine, na hadi siku ile halikuwa limeboreshwa hata mara moja. Waliokufa tangu 2010 walikuwa bado wamo. Waliotimiza miaka kumi na minane tangu 2010 hawakuwamo.

Nilichukua rula. Sijui nilitaka kufanya nini nayo. Kumpigia mstari marehemu kungemaanisha kwamba amepiga kura. Kuandika pembeni "amefariki" hakumo katika kazi ya siku ile. Siku ya kura daftari halirekebishwi, linasomwa tu. Fomu ya kupokea shahada ya marehemu nilikuwa sina. Wakala mmoja akasimama: "Mwalimu, hiyo kadi isilale hapo mezani!" Na alikuwa na haki. Kadi ya mtu asiyekuwepo, ndani ya kituo, jina lake halina mstari: wizi wa kura ndivyo unavyoanza. Wakala wa upande wa pili naye akasimama, kusema kitu hicho hicho kwa sauti kubwa zaidi.

Msimamizi akasema arudishiwe. Nikaishika ile shahada kwa vidole viwili. Picha ilikuwa imeanza kupauka, mzee ametoa macho kama kila mtu anavyotoa macho kwenye picha zile.

"Kaa nayo mama. Hapa hatuna pa kuiweka."

"Sasa mimi niiweke wapi?"

Sikujibu. Akairudisha kwenye pindo, akafunga fundo kwa meno, akapiga kura yake. Mlangoni kijana akauliza kwa heshima kama yeye angeweza kupiga. Una shahada? Hana. 2010 alikuwa na miaka kumi na saba. Akacheka kidogo, "Kwa hiyo mzee yumo, mimi simo." Wakaondoka, mama mbele.

Yaliyobaki ni kama vituo vyote. Saa kumi jioni tulifunga. Kandili mbili, lakiri zikalinganishwa na namba za asubuhi, karatasi zikamwagwa. Kwanza unazihesabu bila kutazama aliyechaguliwa. Zilizopokelewa lazima ziwe sawa na zilizotumika ukijumlisha na zilizobaki na zilizoharibika. Sisi ilipungua moja. Tukahesabu mara tatu, mawakala wameanza kuvua koti, ndipo ikaonekana imeganda nyuma ya nyingine kwa unyevu. Fomu 21B ikajazwa, ikasainiwa, nakala kwa mawakala, moja mlangoni. Aliyeshinda jimbo mnamjua, Ridhiwani Kikwete.

Siku zilizofuata redio zilisema watu wengi hawakujitokeza. Hata kituoni kwetu majina yasiyo na mstari yalikuwa mengi. Nilikuwa nikimfikiria yule mzee. Kwenye hesabu yetu alikuwa mtu aliyeandikishwa, akapata nafasi, akakaa nyumbani. Kijana wake hakuwa kitu, hata mtoro hakuwa. Mwaka uliofuata mashine za BVR, zile za kuchukua alama za vidole, zilikuja watu wakaandikishwa upya. Mimi nilikuwa nimeshahama.

Asubuhi binti hakuwa amesahau. Nikamwambia jina la marehemu hufutwa.

"Nani anaenda kusema afutwe?"

"Ndugu zake."

"Wakienda wakaambiwa siyo leo?"

Bajaji ya shule ilipiga honi nje. Akatoka mbio, chapati mkononi, daftari ameliacha mezani.