Jinsi nilivyozuia miraba ya ubao wa kukatia isiachane kwenye kona

Ubao wenye miraba ya rangi mbili hugundishwa mara mbili: kwanza vipande virefu vya mbao nyeusi na nyeupe hupangwa kwa kupokezana, kisha bamba linalopatikana hukatwa kwa kukingama, kila kipande husimamishwa ili ncha za nyuzi za mbao zitazame juu, na kila cha pili hugeuzwa mwisho kwa mwisho ili mraba mweusi ukae kando ya mweupe. Idadi ya vipande virefu lazima iwe shufwa, la sivyo kugeuza hakubadilishi chochote.

Tatizo lilinikabili katika ugundishaji wa pili, kwa sababu gundi mbichi huteleza, na kadiri nilivyokaza vibano ndivyo vipande vilivyohama na kona kuachana kwa takriban milimita 1. Dawa ilikuwa kuacha kubandika vyote kwa pamoja. Nilibandika viwili viwili, nikapapasa kila kiungo kwa ukucha hadi kona zilipokutana, nikabana kidogo tu, na nikakaza kabisa gundi ilipoanza kushika. Wapo wanaonyunyiza chembe chache za chumvi kwenye gundi ili zizuie utelezi. Mbinu hiyo inafaa, ingawa mimi huamini zaidi kidole.

Kusawazisha nilitumia msasa, kwa kuwa randa ya mashine huweza kunyofoa kingo za nyuzi zilizosimama. Mwishowe nilipaka mafuta ya madini yanayofaa kwa vyombo vya chakula, maana mafuta ya kupikia huchacha.