Nilivyolisha watu mia na ushei Casuarina bila sahani ya kutupa

Hakuna aliyenilazimisha, nilijitia kimbelembele mwenyewe. Kikundi chetu cha kina mama kilikuwa na sherehe ya Siku ya Mazingira, tarehe 5 mwezi wa 6, ufuo wa Casuarina, ndani ya hifadhi ya bahari hapa Malindi, asubuhi kuokota taka ufuoni alafu kula na ngoma, nami nikanyanyua mkono ati pilau niachieni.

Shemeji yangu mjuzi wa kila kitu akanambia, usijichoshe, nunua sahani za plastiki na katoni za maji ya chupa. Nikanunua, elfu tatu na kitu ikaenda. Siku moja kabla nikapeleka mapema nionekane nina mipango, askari wa getini akachungulia, akacheka, "Mama, hizi haziingii." Kumbe tangu 2020 plastiki za kutumia mara moja ni marufuku kwenye hifadhi, na chupa za maji zimo. Hifadhi yenyewe ni ya tangu 1968, mimi nimezaliwa nimeikuta, na sijui! Na sherehe ni ya mazingira, jamani. Nilirudi na tuktuk yangu nimejifunika mtandio mpaka machoni.

Basi nikajiona mjanja, nikakata majani ya mgomba kwa jirani. Pilau sitawaeleza, nani asiyejua pilau, kilo 20 za mchele, nikapika nyumbani usiku, masufuria nikayafunika masinia juu, nikayavingirisha mablanketi, yakafika yanatoa moshi.

Sasa mwezi wa 6 ni msimu wa upepo wa kusi, nalo sikulifikiria. Jani la kwanza nikampa mzee mmoja, nikapakua pilau vizuri na kipande cha nyama juu, akasema bismillahi, na jani likaondoka. Wallahi liliruka kama kishada, nyama ikaanguka kwenye mwani, mchele wote kwenye kanzu ya mzee wa watu! Watoto wakaanza kukimbiza majani, kachumbari iko kwenye nywele za mtu, mimi nimekumbatia sufuria kama mtoto mchanga.

Nahodha mmoja ndiye aliyeniokoa. Akaja na tanga kuukuu la mashua, akalifunga kati ya mivinje miwili, nami nang'ang'ana linyanyuliwe juu kama hema. "Dadangu, liguse mchanga. Upepo ukipata upenyo chini umeuita ndani." Akafukia pindo la chini kwa mchanga, nyuma yake pakatulia kabisa, ungeweza kuwasha njiti ya kiberiti. Tukatandika mikeka hapo, nikashusha yale masinia niliyofunikia masufuria, mengine tuktuk ikayazungukia kwa majirani, watu sitasita wakala pamoja kwa mkono kama harusini. (Andika jina chini ya sinia kwa rangi ya kucha, mimi langu moja halijarudi hadi leo.) Maji yalikuwa kwenye mitungi, kata mbili za kifuu zikizunguka, na wageni waliokuja na glasi zao za chuma ndio waliokuwa wajanja kutuzidi.

Zile sahani za plastiki bado ziko uvunguni mwa kitanda, mwenye kuzitaka aje.

Na shemeji? Alikula sinia hili, akahamia lile, alafu akaniuliza yake ya kubeba nimemtilia kwenye nini. Nikamwambia vua kofia.