Nina kitambi, na sweta zinanikaa

Mwanamume mwenye kifua kipana na kitambi akisema anataka kuvaa sweta, ataambiwa aachane nayo. Akikaidi, ataambiwa basi achukue kubwa kuliko mwili wake. "Ndugu yangu, chukua kubwa, ifiche tumbo." Nimeambiwa hivyo na watu wanaonitakia mema kabisa, na bado naudhika nikilikumbuka neno hilo, kwa sababu ndilo linalowafanya wanaume wengi wenye miili kama yangu wajifungie kwenye majaketi mapana wakati sweta ingewapendeza kuliko nguo nyingine yoyote waliyo nayo.

Sweta kubwa haifichi kitambi. Inachofanya ni kuufanya mwili wote ulingane na kitambi. Mabega yanapotea, kifua kinapotea, kinabaki kitu kimoja cha duara. Mimi huanza na bega. Mshono unaounganisha mkono na kiwiliwili lazima ukae juu ya ule mfupa ulio mwisho wa bega. Ukishuka upana wa vidole viwili tu, mkono wote unashuka nao, kwapani panajaa nguo ya ziada, na mtu anaonekana ameazima. Zipo sweta ambazo mshono wake unatoka shingoni na kushuka kwapani bila kupita begani. Hizo huzipima kwa kwapa: liwe karibu na mwili, lakini uweze kuinua mkono bila sweta nzima kupanda juu. Bega likishakaa, sehemu kubwa ya kazi imekwisha, na kitambi hakimsumbui mtu kama anavyodhani.

Anayebisha akumbuke wavuvi wa Guernsey, kile kisiwa kilicho baharini kati ya Uingereza na Ufaransa. Sweta zao zilifumwa kwa sufu iliyosokotwa ikakazwa, zikaubana mwili ili upepo na maji ya bahari visipenye. Ile ilikuwa nguo ya kazi ya watu wenye vifua na misuli, na haikuwa pana.

Pili ni unene wa nyuzi, na hapa ndipo niliposhinda. Sweta nzito zenye misuko mikubwa kama kamba, za mtindo wa visiwa vya Aran huko Ireland, ni nzuri sana kuzitazama, lakini kila msuko unaongeza unene juu ya mwili. Mtu mwembamba azivae kwa raha zake. Mimi navaa sufu nyembamba ya merino, aina ya kondoo mwenye manyoya laini. Unywele wa kondoo huyo kwa kawaida hauzidi maikroni 24 kwa upana (maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita), na ule laini zaidi uko chini ya 19, wakati unywele wa kichwani kwa mtu mara nyingi unazidi 50. Ndiyo maana hauwashi, na ndiyo maana sweta inalala juu ya shati bila kuvimba. Kashimiri ya mbuzi ni laini zaidi, ila bei yake inaumiza na inatoa vijipira vya nyuzi upesi. Merino imenitosha.

Shingo ya V kwa siku za shati, shingo ya duara kwa siku za fulana. Kola ya shati ibaki ndani ya sweta, ncha zake zisirukeruke nje kama zinataka kutoroka. Shingo ndefu ya kukunja niliambiwa kabisa niisahau kwa kuwa shingo yangu ni fupi. Ya sufu nyembamba, inayokunjwa mara moja tu, naivaa chini ya koti na watu wananiuliza nimeipata wapi.

Sasa nije kwenye kitu kilichonitesa kuliko vyote, ambacho wauzaji hawakitaji na wenye miili myembamba hawakijui: ule ukanda wa chini wenye mistari ya kusimama, unaobana kiunoni. Mistari ile inatokana na safu za mishono ya mbele na ya nyuma zinazopishana, na kwa kupishana huko ukanda unajivuta wenyewe kama mpira. Kwa mtu asiye na tumbo, ni pambo. Kwa mwenye kitambi, ukanda unajishika chini ya tumbo, sweta inapanda na kujaa hewa juu yake, na hapo hata bega zuri halikuokoi. Unavuta chini, unapiga hatua chache, umepanda tena. Unakaa kitini na kusimama, umepanda tena.

Rafiki mmoja mwenye mdomo mtamu alinishauri niukunje kwa ndani. Nikaukunja. Unene ukawa mara mbili, tena mahali palepale nisipotaka unene, na kila nikiinama ukanda ulifunguka upande mmoja. Fundi mmoja naye alitaka kuukata na kupiga pindo kwa mashine. Sweta yangu niliichukua mikononi mwake kabla mkasi haujafika, maana kitu kilichofumwa ukikikata bila kukifungia nyuzi kinaanza kufumuka safu kwa safu.

Dawa niliipata nilipoelewa sufu yenyewe. Unywele wa kondoo umeundwa kwa protini iitwayo keratini, sawasawa na unywele wa mtu. Ukilowa, vifungo vidogo vinavyoshikilia umbo lake hulegea. Ukikauka, vinafunga tena katika umbo utakalokuwa umelazwa. Anayesuka nywele zikiwa mbichi na kuzifumua zikiwa kavu anaijua siri hii siku zote. Basi nikachukua kadibodi ngumu, nikaikata iwe pana kuliko ukanda ukiwa umetulia, lakini isizidi upana wa tumbo la sweta yenyewe. Kona zake nikazizungusha kwa mkasi, kwa sababu kona kali huacha ncha mbili pembeni zinazochungulia kama masikio, kisha nikaivisha mfuko wa plastiki ili isilowe na kuchafua nguo. Nikalowesha ukanda peke yake kwa maji ya uvuguvugu, nikaukandamiza ndani ya taulo bila kuukamua, nikaivutia ile kadibodi ndani taratibu, nikihakikisha mistari yote imesimama wima. Nikailaza sweta juu ya taulo kavu na kuiacha mpaka ikauke kabisa. Kabla ya kuitoa nilipitisha pasi ya mvuke juu yake, nikiishikilia hewani, isiguse. Mvuke uingie, chuma kisikaribie.

Nilipoivaa, ukanda ulishuka ukapita tumbo na kulala mbele ya mkanda wa suruali, ukiwa umetulia. Nilitembea, nikakaa, nikainama kufunga viatu. Haukupanda. Nilisimama mbele ya kioo muda mrefu kuliko ninavyopaswa kusema, na nilijivunia sana. Baada ya kufua ukanda hurudi kidogo, kwa hiyo kadibodi ile naitunza kabatini na kuirudia. Akriliki ni habari nyingine: ni plastiki, mvuke ukiizidi inalegea moja kwa moja na hairudi tena, inaning'inia kama kitambaa kilichokufa. Kama lebo inasema akriliki, acha pasi kabisa, tafuta sweta yenye ukanda mfupi na mlegevu tangu mwanzo.

Urefu nao ni muhimu kwetu. Sweta iishie katikati ya zipu ya suruali. Ikiishia kwenye mkanda itafunua shati ukinyanyua mkono, ikifika mapajani inafupisha miguu.

Kuhusu marembo, mwaka 1922 Edward, mwana wa mfalme wa Uingereza, alivaa sweta ya Fair Isle, yenye marembo ya rangi yaliyopangwa kwa mistari ya mlalo, akicheza gofu huko St Andrews, na marembo ya kisiwa kile kidogo cha Scotland yakawa fasheni ya watu wa mjini. Lakini Edward alikuwa mwembamba, mistari ya mlalo haikumdhuru. Mimi nachagua yenye marembo kifuani tu, kuanzia kwapa kwenda juu, na chini rangi moja. Jicho la mtu linapanda kifuani na kubaki huko. Siku nyingine zote ni rangi moja iliyokolea, bluu ya usiku au kijani cha msituni, na suruali inayokaribiana nayo, ili nisikatwe vipande viwili kiunoni.

Sweta ya vifungo naivaa wazi au nimefunga vile vya katikati, cha chini kabisa sikifungi kamwe. Ikiwa wazi inachora mistari miwili ya wima mbele ya mwili, na hiyo inamsaidia mnene kuliko rangi nyeusi anayosisitiziwa kila siku.

Kufua, mimi sitoi tena. Kuna dobi aliyenirudishia merino ya bluu ikiwa saizi ya mtoto wa shule, kisha akaniambia sufu ndivyo ilivyo. Siyo ndivyo ilivyo. Unywele wa sufu una magamba, na maji ya moto pamoja na kusuguliwa huyafanya yashikane yasiachane. Nafua kwa mkono, maji yasiyo na joto, sabuni ya sufu au shampuu kidogo. Kabla ya kuilowesha naitandaza juu ya karatasi pana na kuichora ukingoni kwa penseli. Ikishafuliwa naivutavuta juu ya mchoro uleule mpaka ijae mistari, mikono kwa urefu wake, bega mahali pake. Ikauke hapohapo, imelala. Kwenye hanga haiendi, ikiwa mbichi wala ikiwa kavu, kwa sababu uzito wake wenyewe unaivuta na bega nililohangaika kulipata linaota nundu.

Vijipira vya kwapani na ubavuni nanyoa kwa kimashine kidogo cha betri, nguo ikiwa imetandazwa mezani, nikipita bila kukandamiza. Na kabla ya kuziweka kwa muda mrefu nazifua zote, hata niliyoivaa mara moja, maana viwavi wa nondo wanapenda kuanzia palipo na jasho. Kisha naziweka kwenye mfuko unaofungwa, zimekunjwa, ile nzito chini.