Mdogo Wangu Ndiye Atakayenisemea

Jumanne, usiku

Leo nimemaliza rasimu ya maelekezo yangu ya matibabu, ile hati inayoeleza nitibiwe vipi, na nani aamue kwa niaba yangu, siku nikiwa siwezi kujisemea. Siumwi. Mdogo wangu aliponiona na makaratasi haya aliniuliza kwa sauti ya chini kama kuna majibu ya vipimo ninayomficha. Hakuna. Nimeiandika sasa kwa sababu hati hii huandikwa na mtu akiwa na akili zake timamu, la sivyo haiandikwi kabisa.

Na wala si jambo la wazee. Karen Ann Quinlan alikuwa na miaka 21 alipopoteza fahamu mwaka 1975 huko New Jersey. Baba yake alikwenda mahakamani kuomba aondolewe mashine ya kupumulia, na mwaka 1976 Mahakama ya Juu ya jimbo ikamkubalia. Mashine ilipoondolewa, Karen aliendelea kupumua mwenyewe, akaishi hadi 1985. Nancy Cruzan alikuwa na miaka 25 alipopata ajali ya gari Missouri mwaka 1983. Kesi yake ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1990 majaji wakasema jimbo lina haki ya kudai ushahidi ulio wazi wa kile ambacho mgonjwa mwenyewe angetaka. Wazazi wake walisema wanamjua binti yao. Haikutosha. Ikabidi wajitokeze watu waliowahi kumsikia akizungumzia mambo hayo kwa kinywa chake. Terri Schiavo alikuwa na miaka 26 moyo wake uliposimama mwaka 1990 huko Florida. Mume wake na wazazi wake walivutana miaka na miaka, shauri likafika hadi bungeni na mezani kwa rais, mpaka alipofariki Machi 2005.

Wote watatu hawakuwa wameacha hata mstari mmoja wa maandishi. Siwalaumu, maana katika umri ule nani huwaza hayo? Lakini nikisoma habari za Schiavo simuoni mbaya hata mmoja kati ya wale waliokuwa wakigombana. Naona watu waliompenda mtu mmoja, kila upande ukiwa na hakika yake, na yeye mwenyewe hayupo kuwaamua.

Niliwahi kuliona jambo hilo kwa karibu, bila mahakama wala magazeti. Baba mkubwa alipopigwa na kiharusi, daktari alitoka chumba cha wagonjwa mahututi, akavuta kiti, akakaa nasi pale kwenye korido. Akauliza kama mzee aliwahi kusema lolote kuhusu hali kama hii. Binamu yangu akajibu kwamba baba ni mpambanaji, apewe kila kitu. Mwingine akasema sisi tunataka apone, basi. Daktari akasikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Sijauliza ninyi mnataka nini. Mngeweza kumwamsha kwa dakika moja, mkamweleza hali yake yote, yeye angesemaje?"

Hakuna aliyejibu. Mwishowe macho yote yakamgeukia mama mkubwa, naye akasema neno lake, likafuatwa. Alisema kwa upendo na kwa kumfahamu mumewe, nami naamini alisema sawa. Lakini hadi leo, tukikaa wawili, huwa ananiuliza, "Mwanangu, nilifanya vyema kweli?" Namjibu ndiyo. Baada ya muda anauliza tena. Swali hilo ndilo lililonikalisha mezani. Sitaki mtu wangu yeyote abaki nalo.

Sasa kuhusu hati yenyewe. Nilidhani ugumu ungekuwa kwenye orodha ya matibabu, lakini sehemu hiyo, ukishaelewa mambo machache, inapita. Hati inaanza kufanya kazi pale tu unapopoteza uwezo wa kuamua. Maadamu unaelewa unachoelezwa, unaweza kukishika kichwani, kukipima na kutoa jibu, hata kwa kukonyeza jicho, neno lako la leo linashinda karatasi ya jana. Unaweza kuibadilisha au kuichana wakati wowote. Unaweza kukataa tiba, ila huwezi kumlazimisha daktari akupe tiba anayoona haina faida kwako. Na kukataa mashine si kukataa kuhudumiwa: dawa za maumivu, usafi, kulainishwa midomo, mtu wa kukaa nawe, hayo yote yanaendelea. Hili la mwisho nimeliandika kwa herufi kubwa, maana ndilo ndugu wanaloliogopa kuliko yote. Wanadhani kusema "msimwekee mashine" ni kumtelekeza mgonjwa.

Sheria zinatofautiana. California ndiyo iliyotangulia kuipa hati ya aina hii nguvu ya sheria, mwaka 1976. Uingereza, chini ya sheria ya mwaka 2005 inayotumika England na Wales, anayekataa tiba ya kuokoa uhai lazima aandike, atie saini mbele ya shahidi, na aseme wazi kwamba anakataa hata kama maisha yake yatakuwa hatarini. India ilizitambua hati hizi kwa uamuzi wa Mahakama ya Juu mwaka 2018, na mwaka 2023 mahakama hiyo hiyo ikalegeza masharti yaliyokuwa magumu mno kutekelezeka. Kwa hiyo kila mtu aulize sheria ya mahali alipo kabla hajasaini.

Kuhusu kushtua moyo na kukandamiza kifua nilikaa kidogo. Kwenye filamu mgonjwa anakandamizwa mara kadhaa, anakohoa, anafungua macho. Kwa kweli mbavu huvunjika, na kati ya watu ambao moyo umesimama wakiwa tayari wamelazwa, wanaotoka hospitali wakiwa hai ni kama mmoja kwa kila wanne au watano. Kwa mtu mzima wa afya mwenye tatizo linalotibika, hiyo ni nafasi ya kuipigania kwa nguvu zote, nami nimeandika nipiganiwe. Kwa mtu ambaye ugonjwa umeshammaliza, ni jambo jingine kabisa. Tiba ni ile ile ila hali ni tofauti, kwa hiyo kujaza "ndiyo" au "hapana" bila kueleza hali hakumsaidii daktari wala ndugu. Niliacha visanduku nikaandika kwa maneno yangu: maisha ninayoyaona kuwa ni maisha ni yale ninayoweza kumtambua mtu aliye mbele yangu na kufurahi kwamba yupo. Nikiweza hilo, hata kitandani, hata nikiwa siwezi kujilisha, nitibiwe. Nikiwa siwezi, na madaktari wanaona sitaweza tena, niachwe nipumzike bila maumivu.

Halafu ikaja sehemu ya msemaji wangu.

Kaka yetu ndiye mkubwa, na kila mtu angetegemea jina lake. Anatupenda mno. Ndiyo hiyo sababu sikumwandika: najua hataweza kutamka neno "basi" hata kama mimi nimeliandika kwa wino. Mdogo wangu analia haraka kuliko sisi sote, lakini akishalia hufanya kilichosemwa. Kazi ya msemaji ni hiyo, kubeba neno la mwenzake hadi lifike, hata likimuuma. Jumamosi nilimketisha tukazungumza mchana kutwa. Nilimsomea mifano, yeye akabuni mingine migumu kuliko yangu. Akauliza, "Dada, na kama unapumua kwa mashine lakini wamesema labda baada ya mwezi utazinduka?" Nikajibu mwezi mmoja subirini. "Na wakisema labda miezi sita?" Nikanyamaza, tukaandika kwamba hapo aulize madaktari zaidi ya mmoja.

Nilifurahi nikaona tumemaliza. Kisha nikasoma jambo lililonikosesha usingizi. Mwaka 2006 ulichapishwa uchambuzi uliokusanya tafiti 16, ambamo ndugu waliulizwa wakisie mgonjwa wao angechagua tiba gani. Walipatia kwa asilimia 68 hivi. Yaani takriban mara moja kwa kila tatu walikosea. Kibaya zaidi, aliyechaguliwa na mgonjwa mwenyewe hakukisia vizuri kuliko ndugu aliyetokea tu kuwa karibu, na hata kuzungumza kabla hakukuongeza usahihi. Nilikaa nikiuliza basi mchana ule wote tulifanya nini.

Jibu nililopata linatokana na utafiti mwingine, wa mwaka 1992, kwa wagonjwa wanaosafishwa damu kwa sababu ya figo. Waliulizwa: ukipata dimenshia, ule ugonjwa unaomaliza kumbukumbu na ufahamu, nayo ikiwa imefika mbali, maelekezo yako yafuatwe neno kwa neno, au mwakilishi wako awe na nafasi ya kuamua tofauti ikiwa anaona ni kwa faida yako? Asilimia 39 walisema yafuatwe kama yalivyo. Asilimia 31 walisema mwakilishi awe na uhuru kamili. Waliobaki walikuwa katikati. Kumbe watu hatutofautiani tu katika tiba tunazotaka. Tunatofautiana pia katika kiasi cha kumwamini aliye hai na anayeona, dhidi ya karatasi iliyoandikwa na mtu ambaye hakujua yatakayotokea.

Hilo sikuwahi kumwambia mdogo wangu, kwa sababu sikuwahi kujiuliza. Leo nimeandika: "Mahali ambapo hati hii haikusema, au imesema jambo lisilolingana na hali halisi, uamuzi wa mdogo wangu ni uamuzi wangu. Hata akikosea, amekosea kwa idhini yangu, na hana deni kwa mtu yeyote." Nimeongeza kitu kimoja tu asichoruhusiwa kukigeuza, nacho ni kupewa dawa za kutuliza maumivu, hata zikinilaza usingizi.

Nilimsomea kwa simu jioni hii. Akanyamaza kwa muda. Kisha akasema, "Hiyo ya kukosea, dada, isome tena." Nikaisoma tena.

Zimebaki nakala. Moja kwake, moja kwa daktari wangu, moja mahali ambapo mtu anaweza kuifikia usiku wa manane bila kutafuta ufunguo. Ya kaka nitampelekea kwa mkono, tukae naye aniulize anachotaka kuniuliza mimi nikiwepo, kuliko aje kumuuliza mdogo wetu kwenye korido. Najua ataumia kuona jina lake halipo. Nitamweleza kama nilivyoeleza hapa.

Na ipo sehemu moja bado iko wazi: mpira wa kulishia, iwapo ni dimenshia itakayonipata. Chama cha madaktari wa wazee cha Marekani kinashauri mgonjwa aliyefika mbali alishwe kwa mkono, taratibu, kadiri anavyopokea, badala ya kuwekewa mpira, kwa kuwa mpira haujaonekana kumwongezea maisha wala kumpunguzia mateso. Nimeelewa, na akili yangu inakubali. Lakini najua kulisha kwa mkono kunataka mtu wa kukaa nami saa nzima kwa kila mlo, kila siku, na mtu huyo anaweza kuwa mdogo wangu. Kabla sijaandika jibu, lazima nimuulize yeye kwanza.